Marehemu ni wa Nani?

Tarehe 20 Desemba 1986 alifariki S.M. Otieno, wakili mashuhuri jijini Nairobi. Alizikwa tarehe 23 Mei 1987. Hizo ni siku 154, na siku zote hizo mwili ulikaa mochari huku mjane wake, Wambui, akivutana kortini na ukoo wa Umira Kager ulioongozwa na ndugu wa marehemu, Joash Ochieng' Ougo. Mjane alitaka mumewe alale Upper Matasia, upande wa Ngong, kwenye shamba lao. Ukoo ulitaka alale Nyalgunga, Siaya, kwa baba zake. Mjane alikuwa Mkikuyu, marehemu Mjaluo. Walioana mwaka 1963 kwa ndoa ya serikali. Ukoo ulishinda, kwanza mbele ya Jaji Bosire, kisha katika Mahakama ya Rufaa. Mjane hakwenda mazishini.

Kesi hii nimeichagua makusudi. Ukiuliza utamaduni ni nini, kwenye kongamano au darasani, utajibiwa kwa maneno mazuri: ni nguzo, ni dira, ni roho ya taifa. Maneno hayo hayamgharimu mtu kitu. Palipo na maiti, na kaburi ni moja tu, ndipo utakapojua nani anaamini nini. Basi nimewaketisha watu wanne kwenye meza ya kubuni: wakili wa kike wa Nairobi, mwalimu mstaafu wa Siaya, mama wa Mombasa aliyekwisha kuzika wengi, na kijana ambaye kila msiba ukitokea hupewa uhazini wa kamati. Majina sikuwapa. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya mazishi anawajua.

WAKILI: Nianze na mjane, kwa sababu katika kesi ile kila mtu alimweka mwisho. Miaka 23 amekaa na mumewe. Wamelea watoto, wamejenga, wamelima. Siku mume anakata roho, mke anaambiwa asogee pembeni, wenye mtu wamefika. Na mtu mwenyewe alikuwa nani? Korti ilielezwa kwamba alipenda Shakespeare, kwamba alifuatilia Perry Mason kwenye televisheni, kwamba maisha yake ya utu uzima yalikuwa ya mjini. Mjane alisema: alivyoishi ndivyo azikwe. Akajibiwa kwamba Mjaluo huzaliwa Mjaluo na ngozi hiyo haivuliki. Mwalimu, hapo ndipo ninapotishika. Dini mtu hubadili, uraia hubadili, hata jina hubadili. Ukoo peke yake ndio hauna mlango wa kutokea?

MWALIMU: Mlango upo, binti yangu, na hatumfungi mtu kamba. Ila mtu asituambie ametoka na huku sahani yake bado iko ndani. Wasomi wengi wa kizazi kile walikwenda shule kwa ng'ombe wa watu. Mjomba aliuza fahali, shangazi aliuza nafaka, kijana akapanda gari moshi. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Hakuna aliyesema nirudishie na riba. Deni la namna hiyo halilipwi kwa hundi, hulipwa kwa kuhudhuria, na mahudhurio ya mwisho ni mazishi.

WAKILI: Kwa hiyo maiti ni malipo ya mkopo?

MWALIMU: Usinichekeshe msibani. Nasema mtu hakujizaa, hakujipa jina, na hatajizika. Katikati ya hayo anapata miaka michache ya kusema "mimi". Mjini mnadhani miaka hiyo ndiyo mtu mzima mzima. Halafu kuna jambo la boma. Kwetu mwanamume haanzishi boma peke yake. Hutoka na baba yake, au ndugu wa baba kama baba hayupo, pamoja na mwanawe wa kwanza. Wanachukua jogoo na shoka, wanachagua mahali. Bila hao, ulichojenga ni nyumba tu, hata iwe na ghorofa. Ndiyo maana ukoo ulisema Matasia palikuwa nyumba, si boma. Na kaburi halimpumzishi aliyekufa tu. Linawaonyesha watoto wametoka wapi. Siku watu wakigombea shamba, mzee husimama akaonyesha: pale amelala babu, pale mama mkubwa. Hati za serikali zimekuja juzi.

BI: Mtaniwia radhi, miye nawasikiliza na nashangaa. Siku mia na hamsini! Kwetu mtu akifa alfajiri, alasiri keshazikwa. Akifa usiku, asubuhi. Aoshwe, avikwe sanda, asaliwe, aende. Alikofia ndiko kwao. Baba yangu alikuwa mtu wa Lamu, akafia Mombasa, amelala Mombasa, na hakuna aliyesema tumemtupa. Jeneza letu ni la msikiti. Linakwenda na maiti, linarudi tupu, linamngoja mwingine. Tajiri huingia humo humo alimolala hamali. Nyinyi mnanunua sanduku la kupigwa msasa na kutiwa vioo, kisha mnalizika.

MWALIMU: Bi, dini yenu imewawekea.

BI: Dini imeweka, ndiyo. Lakini siyo dini peke yake. Njoo uone watu wanavyokimbilia kulibeba jeneza lile. Anatoka mtu dukani, hamjui maiti ni nani, anatia bega hatua kumi, anampisha mwingine, anarudi dukani kwake. Jamii kwetu ndiyo ile. Haikai kwenye udongo wa mahali, inakaa mabegani. Sasa mnaponiambia Mwafrika bila kuzikwa kwao amepotea, mimi ni nani? Si Mwafrika?

Swali hili la Bi lilipaswa kuulizwa mwaka 1987 na halikuulizwa kwa sauti ya kutosha. Kesi ilisimuliwa kama ugomvi wa mambo mawili, mila na usasa, kijiji na mji. Pwani ya Kenya, yenye miji ya mawe ya karne nyingi na desturi za kuzika zisizo za kijijini wala za kizungu, haikuingia kwenye hesabu. Nchi ilizungumza kana kwamba njia ni mbili tu.

MHAZINI: Wazee wangu, naomba nishushe mazungumzo kwenye pesa, maana ndiko ninakokaa. Mtu akilazwa tunafungua kundi la simu. Michango inakuja kwa kudondoka. Unakumbusha leo, unakumbusha kesho, watu wanasoma na kunyamaza. Akifa, kundi lile lile linajaa usiku mmoja. Watu ambao hamjawahi kuwasikia wanaingia, wanatuma, wanataka jina lao lionekane kwenye orodha. Jeneza linapatikana, gari la maiti linapatikana, basi la waombolezaji linapatikana, tenti, sufuria, fahali. Dawa haikupatikana. Mwalimu, hayo madeni ya ng'ombe uliyoyasema nayakubali. Lakini mbona yanalipwa mgonjwa akishakufa?

MWALIMU: Hapo umenigusa.

MHAZINI: Sijamaliza, mzee. Na wanaopiga kelele zaidi kwenye mkutano wa mazishi ndio niliokuwa nawakumbusha bure.

MWALIMU: Kweli tupu. Ila tazama upande wa pili pia. Kwa nini wanakuja mtu akishakufa? Kwa sababu ugonjwa ni wa nyumba, kifo ni cha wote. Aliyekosana na marehemu miaka yote hukutana naye pale, mbele ya watu, na husema alichokuwa nacho moyoni. Umeona watu wakiwafukuza ng'ombe barabarani kwa nyimbo na fimbo, vumbi limetanda, kifo kinafukuzwa kijijini? Tero buru ile si mchezo wa kuigiza. Mtu mwenye uchungu hupewa mahali pa kuukimbiza. Huko mjini mnampa tembe za usingizi.

WAKILI: Tero buru ni nzuri, siibishii. Ninachobishia ni nani anaamua kwamba bila hiyo mtu hajazikwa. Na tuseme ukweli kuhusu umri wa mila hizi. Kusafirisha maiti kutoka Nairobi hadi Siaya ni mila ya lini? Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Kabla ya reli hakukuwa na Nairobi ya kufia. Babu wa babu yako hakuwa na mochari yenye baridi, Mwalimu. Jeneza la mbao limekuja na misheni. Matangazo ya vifo redioni, gari la maiti, picha ya marehemu kwenye fulana, programu iliyochapishwa kwa rangi: yote mageni. Mmechukua vitu vya karne ya ishirini, mkavipiga muhuri wa mababu, kisha mnamwambia mjane kwamba yeye ndiye anayeleta mambo mapya.

MWALIMU: Umefikiri utanishika hapo, na hapo ndipo ninapokushika mimi. Mila imemeza reli, imemeza friji, imemeza simu, na bado inatembea. Iliyokufa ingehitaji friji ya nini? Watu wetu walipochukuliwa kwenda kufanya kazi bandarini Mombasa na kwenye reli Nairobi, wangeweza kusema basi, kila mtu azikwe alikoangukia. Hawakusema. Waliunda vyama vyao vya mjini, Luo Union na vinginevyo, wakawa wanasaidiana shidani. Luo Union ilivunjwa mwaka 1980 pamoja na vyama vyote vya kikabila. Watu wakaendelea. Ile si ukale, binti yangu. Yule ni mtu wa kazi ya kijungujiko anayekataa kuwa nambari ya kipande hadi kaburini.

Nakiri kwamba sikutarajia Mwalimu ajibu hivyo, ingawa ni mimi niliyemshikia kalamu. Mazishi ya safari ndefu ni mtoto wa ukoloni aliyeukana ukoloni. Kibarua aliyeletwa mjini kwa sababu ya mikono yake, bila familia, akalazwa kwenye nyumba za kazi, alikuwa na jambo moja ambalo mwajiri hakuliandika kwenye mkataba: kwamba akifa, kuna watu watakaokuja kumchukua. Anayesema mila hiyo ni ya uongo kwa sababu ni changa amepima umri, hakupima kazi yake.

WAKILI: Haya, nimekubali kwamba mila hubadilika. Basi tukubaliane pia kwamba mtu anaweza kuibadili. Wakikuyu zamani hawakuwazika watu wengi. Maiti alipelekwa porini, na kaburi lilikuwa la wazee na wenye mali. Leo mwambie Mkikuyu asimzike mama yake uone. Wamebadilika ndani ya karne moja na hakuna aliyewaambia wameacha kuwa Wakikuyu. Maiti ya Askofu Mkuu Manasses Kuria ilichomwa mwaka 2005, na ya mkewe kabla yake. Waumini walishtuka, dunia haikuanguka. Wangari Maathai alipofariki mwaka 2011 hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Jeneza lake lilisukwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, akachomwa Kariokor. Je, huyo aliacha utamaduni au alitengeneza mwingine?

BI: Kuchoma! Hapo mimi simo.

WAKILI: Bi, hulazimishwi.

BI: Najua silazimishwi. Nasema simo. Maana na mimi nina mpaka wangu, siyo Mwalimu peke yake. Mnapenda kusema kila kitu hubadilika kana kwamba kubadilika ndiyo sifa. Yako mambo ambayo mtu akiyaacha hajui tena aamke vipi asubuhi. Mume wangu alipofariki nilikaa eda miezi minne na siku kumi. Wapo walioniambia mambo ya kizamani haya, toka, uende kazini. Nilikaa. Watu walikuja kwangu, sikuwaendea. Sikupika wiki ya kwanza, nililetewa. Hakuna aliyenitaka nicheke. Muda huo niliuhitaji, na nisingejipa mwenyewe. Ningeona haya. Desturi ndiyo iliyonipa ruhusa.

WAKILI: Na kaburini ulikwenda?

BI: (Kimya kidogo.) Sikwenda. Kwetu wanaume ndio wanaokwenda maziarani siku ile. Nilimwona akitolewa mlangoni. Hilo, mwanangu, kama ungeniuliza, ningelibadili.

Hapa mjadala ulikuwa umeanza kwenda kwenye njia rahisi ya "tuchukue mazuri tuache mabaya", msemo unaotolewa katika kila hotuba ya siku ya utamaduni nchini mwetu. Bi ameuharibu, nami nafurahi. Desturi ile ile iliyompa miezi ya kuomboleza ndiyo iliyomnyima kuliona kaburi. Hakupewa sahani mbili achague. Atakayebadili moja itambidi akae na wenzake, abishane nao, achukiwe kidogo, angoje. Kuichambua mila mtu akiwa peke yake sebuleni kwake hakumgharimu kitu, na hakumfikishi mbali.

MWALIMU: Katika kesi ile alisimama mtu mkubwa kutetea upande wetu. Profesa Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikuja kama shahidi mjuzi wa mila za Wajaluo. Si mzee wa kijijini asiyejua kusoma. Ni msomi, na alisimama.

WAKILI: Nilijua utamleta. Na mimi namleta huyo huyo. Kazi ya maisha yake ilikuwa nini? Kuwatafuta wazee wenye hekima na kuandika mawazo yao. Na aliwagawa makundi mawili. Wako wanaoijua mila ya watu wao barabara na kuieleza bila kosa. Wako pia wanaoijua vile vile, halafu wanaihoji, wanaipima, wanasema hapa jamii yangu imekosea. Wa pili ndio aliowaita wanafalsafa hasa. Sasa niambie, mjane aliyesimama mbele ya nchi nzima akasema hapa mmekosea, tumweke kundi gani?

MWALIMU: Yeye hakuijua mila yetu.

WAKILI: Aliishi nayo miaka 23. Aliijua vizuri kuliko wengi waliovaa suti siku ile. Na hata angekuwa Mjaluo wa Siaya ungemwambia wanawake hawasemi.

MWALIMU: Nisingesema hivyo.

MHAZINI: Mwalimu, wangesema wengine, na wewe ungekaa kimya. Tuwe wa kweli. Ila na wewe, wakili, usimpe Wambui jamii nzuri upande wa pili. Mwaka 2003 alipoolewa tena na kijana mdogo kwake kwa miaka mingi sana, ni nani waliopiga kelele? Si Umira Kager. Ni watu wa kwao, kanisa, magazeti, watu wa mjini waliosoma. Kila jamii ina kamba yake. Wengine wanaifunga kwenye kaburi, wengine kitandani.

WAKILI: Ndiyo maana tukaandika Katiba. Ya mwaka 2010, Kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Kifungu cha 2 kinasema sheria ya kimila inayokwenda kinyume na Katiba ni batili. Cha 45 kinawapa mume na mke haki sawa wakati wa ndoa na inapokwisha. Mwaka 1987 majaji walikuwa na Sheria ya Mahakama ya 1967, inayowataka waongozwe na mila pale inapohusika na isipokiuka haki na maadili. Leo wangekuwa na zaidi mkononi.

MHAZINI: Lakini Katiba haibebi jeneza.

Tulipofika hapa nilitaka kufunga, na mhazini akaomba dakika moja zaidi. Nampa, kwa sababu ndiye aliyeugeuza mjadala.

MHAZINI: Kazi hii imenipeleka mochari mara nyingi. Ukutani na kwenye magazeti hutolewa orodha ya miili isiyochukuliwa. Jina likijulikana linaandikwa, lisipojulikana inaandikwa mwanamume asiyejulikana, mwanamke asiyejulikana, na mahali alipookotwa. Muda ukipita, kaunti inaomba idhini ya korti inawazika pamoja Lang'ata. Wakili, ulitafuta mlango wa kutokea kwenye ukoo. Wale wametoka. Hakuna anayewapangia kaburi. Hakuna shangazi anayewasumbua. Nikiwaona naona kwamba kugombewa siku 154 si balaa kubwa kuliko zote.

MWALIMU: Umesema, mwanangu. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta tangu mwanzo.

WAKILI: Ngoja, Mwalimu, usishangilie mapema. Wale wa kwenye orodha nao walizaliwa na watu. Wana koo. Wana majina ya babu. Ukoo wao uko wapi? Mbona hakuna kesi hata moja ya ukoo kuvutana juu ya chokoraa? S.M. Otieno alikuwa wakili mwenye jina. Kila upande ulitaka kusema ni wetu. Yule kijana aliyeokotwa mtaroni hana anayesema ni wetu. Mwalimu, mila yako inasema kila mtoto ni wa ukoo. Basi mkawachukue. Lori moja tu, kutoka mochari hadi Siaya, la wasio na kitu.

Mwalimu hakujibu. Bi ndiye aliyesema, na alisema kidogo tu: kwamba mjini kwao maiti asiye na mtu akijulikana kuwa Mwislamu, wapo wanaojitolea kumwosha na kumzika, nao hawaulizi ukoo. Kisha akaongeza kwamba anapokuwa si Mwislamu, naye hujikuta hana uhakika nani anakwenda. Nilimheshimu kwa hilo la pili.

Wenye kupenda majibu yaliyokwisha kuiva watasema mila zinakufa, au zinarudi. Nikiangalia yaliyotokea, sioni hata moja. Mwanasiasa Raila Odinga alifariki India tarehe 15 Oktoba 2025. Ikaelezwa kwamba aliusia asikawizwe zaidi ya saa 72. Tarehe 19 alikuwa amezikwa. Kwa watu waliozoea majuma mawili ya kamati na harambee, kasi ile ilikuwa mshtuko, na wengi walisema wazi kwamba wameonyeshwa njia. Lakini alizikwa wapi? Bondo, penye kaburi la baba yake Jaramogi. Siku zilipunguzwa, mahali hapakuguswa. Mtu aliyeishi Nairobi maisha yake mengi, aliyejulikana duniani kote, alichagua nini cha kukata na nini cha kubakiza, na watu wake wakamfuata kwa sababu alikuwa wao. Mjane wa mwaka 1987 alidai haki ya kuchagua vivyo hivyo na akanyimwa, nami naamini alinyimwa kwa sababu alikuwa mwanamke na mgeni, si kwa sababu alichokitaka kiliivunja mila kuliko mazishi ya haraka.

Upande wangu, basi. Mwalimu amenishawishi kwamba mtu asiye na wa kumdai si huru, ni mpweke. Sitaki jamii ambayo nikifa simu inapigiwa kampuni na kesho yake kazi imekwisha. Lakini haki ya kudai haitoki kwenye damu peke yake. Hutoka kwenye ulichofanya mtu akiwa hai. Mahakama zetu za miaka ya karibuni zimeanza kulitazama hilo: aliyemtelekeza mtu, aliyemtesa, aliyekaa mbali naye, hawezi tu kusimama siku ya kifo akaonyesha nasaba. Hapo sheria imekaribia hekima kuliko ilivyokuwa mwaka 1987. Umira Kager walikuwa na haki ya kukaa mezani. Hawakuwa na haki ya kumwinua mjane kitini.

Na wewe msomaji, usijidanganye kwamba wosia utakulinda. Nchini Kenya maneno ya marehemu kuhusu mahali pa kuzikwa huzingatiwa, hayamfungi mtu. S.M. Otieno alisema mengi kwa watu mbalimbali: mjane alimsikia akitaja mahali pengine, na mchimba kaburi wa kijijini aliapa kortini kwamba marehemu alimwambia atamchimbia Nyalgunga. Huenda wote walisema kweli. Waite wako siku ukiwa mzima, mke au mume, wazee wa ukoo, watoto, wote chumba kimoja, uwaambie jambo moja mbele yao wote. Kisha mhazini wa mtaa wako akituma ujumbe wa mgonjwa aliyelazwa, tuma leo.